Kabla hujalipa kitabu cha mtoto kisome kwa sauti hapo hapo dukani

Jumamosi asubuhi hapa kwetu Kisauni, Mombasa, natandika mkeka barazani, watoto wa majirani wanakuja, wadogo kabisa wa mwaka na nusu mpaka wale wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, na mimi na kikapu changu cha vitabu. Nimeshanunua vitabu vingi visivyofaa wallahi, vya kupendeza machoni, kava linang'aa, lakini ukianza kusoma ukurasa wa tatu tu mtoto ashateremka mkekani anaenda kuchezea ndara za watu mlangoni. Nilikuwa nafikiri tatizo ni mtoto hatulii. Siku moja nikasoma kimoja peke yangu usiku, kwa sauti, nikasikia mwenyewe ulimi unakwama kila sentensi, nikajua tatizo sio mtoto. Kitabu cha mtoto asiyejua kusoma kinapita mdomoni mwako kwanza ndo kimfikie yeye, kwa hivyo lazima kikae vizuri mdomoni mwako. Hivi ndivyo ninavyochagua siku hizi, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza iko nyumbani, kabla hujapanda matatu. Mwangalie mtoto. Aliyezaliwa juzi juzi anaona vizuri kitu kilicho karibu kama sentimita 20 mpaka 30, yani umbali wa uso wako ukiwa unamnyonyesha, na kinachomkamata ni rangi zinazopingana, nyeusi juu ya nyeupe, sio ule upinki wa kufifia tunaoupenda sisi watu wazima. Mchoro mmoja mkubwa kila ukurasa unamtosha. Kuanzia miezi 6 hivi mpaka mwaka na nusu mtoto anasoma kwa meno, atatafuna, atalowesha mate, atapiga nacho sakafu, huyo mtafutie vile vya kadibodi nene na pembe zake ziwe za mviringo zisimchome jicho. Wa miaka 2 anataka kuona vitu anavyovijua ili avitaje, paka, kijiko, kiatu, tuktuk. Binti yangu neno lake la tatu lilikuwa kunguru, manake hapa Mombasa kunguru anakuamsha kabla ya jua, basi kitabu chochote chenye ndege mweusi kilikuwa chake. Wa miaka 3 mpaka 5 sasa anataka kisa, mtu ana shida, anajaribu, anashindwa, anajaribu tena.

Kipimo changu cha maneno ni hiki, wa miaka 2 mstari mmoja ama miwili kwa ukurasa, wa miaka 4 hata mitano anavumilia kama kisa kinasonga. Utakuta vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, hiyo inatokana na mashine, lile karatasi kubwa la kuchapia likikunjwa linatoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16. Kwa wa miaka 2 hizo 32 ni safari ndefu, usilazimishe kumaliza.

Haya, dukani. Ukiingia duka la vitabu mjini ukasema nataka kitabu cha mtoto wa miaka 4, mara nyingi utaletewa kitabu cha PP1 cha kufuatisha herufi na kupaka rangi mayai matano. Muuzaji hana kosa, hivo ndo watu wengi wanatafuta hasa shule zikikaribia kufunguliwa. Lakini hicho ni kitabu cha kazi. Sema wazi, "kaka naomba vitabu vya hadithi vyenye picha, vya kumsomea mtoto." Mara nyingi viko rafu ya chini kabisa ama nyuma ya madaftari, omba ruhusa uchutame utafute mwenyewe.

Ukikishika, geuza ukurasa ule wa mwanzo wenye maandishi madogo madogo. Watu hawausomi huo na una habari nyingi. Angalia mwaka, na uangalie vizuri sababu kuna mwaka wa toleo la kwanza na mwaka wa kuchapwa tena, kitabu kinaweza kuwa cha 1992 kimevishwa kava jipya, na ukitafuta kipya hasa basi mwaka wa toleo la kwanza ndo unaokuambia. Si kwamba cha zamani kibaya, hapana, vingine ni vizuri mno, lakini ujue unanunua nini. Kisha tazama ile namba ndefu ya ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ikianza 978-9966 au 978-9914 mchapishaji ni wa Kenya, ikiwa 978-9976 au 978-9987 ni wa Tanzania. Mimi vya Tanzania navitafuta kwa hamu sababu Kiswahili chake mara nyingi kimeandikwa kama Kiswahili toka mwanzo. Angalia pia kama kimetafsiriwa, huandikwa hapo hapo.

Halafu angalia kilivyoshikwa. Hapa sisi tuko baharini jamani, chumvi iko hewani, kile kijitabu kilichobanwa kwa pini mbili katikati baada ya miezi michache pini zinaota kutu, kutu inakula karatasi, na ukurasa wa katikati unatoka wote pamoja. Kama kuna kilichoshonwa kwa uzi chukua hicho. Kama ni cha pini na umekipenda, chukua pia lakini nitakuambia chini vile nafanya. Kitu kimoja nisichokubali kabisa ni kile kitabu cha kubonyeza kikalia ama kuimba chenye betri ya duara kama kifungo na kifuniko chake hakina skrubu. Betri ile mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake la chakula ndani ya saa 2 tu. Kama unacho nyumbani nenda sahi ukaangalie kifuniko, na ikitokea mtoto amemeza usingoje aitapike, kimbia hospitali.

Sasa hatua yenyewe, ile niliyoiandika kwenye kichwa. Soma kwa sauti. Usione haya, simama pembeni ya duka, soma ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, kwa sauti ile ile utakayotumia usiku ukiwa umechoka na chungu kiko jikoni. Sikiliza vitu vifuatavyo.

Kwanza pumzi. Sentensi ikikufanya uvute pumzi katikati ni ndefu mno. Kuna vitabu vinasema hivi, "Tembo alikuwa na furaha kubwa sana kwa sababu yeye alikuwa amempata rafiki yake mpya", unasoma unahisi kama unasoma barua ya shule. Kingine kinasema "Tembo kaingia mtoni, chubwi! Maji yakaruka, rafiki yake akalowa chapachapa." Hiyo ya pili mtoto wa miaka 2 hajaelewa maneno yote lakini chubwi ashaidaka, na ukifika hapo kesho atakutangulia yeye kuisema.

Na hapo ndo nataka nikae kidogo. Kiswahili kina utajiri wa hizi tanakali za sauti ambao mtoto mdogo anaufurahia kuliko kitu chochote. Mtu akianguka majini ni chubwi, mchangani ni tifu, kwenye matope ni tapwi, sakafuni ni pu. Kitu cheupe ni pe, chekundu ni ndu, mtu kalala fofofo, mlango umefungwa ndi, kikapu kimejaa pomoni. Mwandishi aliyekulia kwenye lugha hii hawezi kuandika kitabu kizima cha watoto bila hata moja. Ukisoma kurasa tatu hukuta hata pu moja, na anguko liko kwenye picha, jua huenda maneno yalifikiriwa kwa lugha nyingine yakahamishwa. Hasa angalia mashairi, shairi la Kiingereza likitafsiriwa neno kwa neno vina vinakufa vyote, linabaki orodha ya maneno tu, mtoto halishiki. Bora mtafsiri aliyeacha maneno ya asili akatunga upya.

Pili ngeli. Mtaani tunasema "kitabu yangu", tunaelewana, sina neno na hilo. Lakini kitabu ndo mahali mtoto anaposikia lugha iliyonyooka, basi kiwe kimenyooka. Nilishanunua kimoja paka "kimelala" ukurasa wa 4, ukurasa wa 5 paka huyo huyo "amelala", na mtoto wa miaka 5 akaniuliza ni paka wawili? Alikuwa anasikiliza kuliko yule aliyekihariri. Maneno ya kwetu sasa ni jambo lingine. Mamangu anasema mtele na kitabu kinasema mchele, nikifika hapo nasoma mchele halafu nasema, "na bibi anauita vipi?" wanapiga kelele "mteleee". Usimfanye mtoto aone lugha ya bibi yake ni makosa.

Tatu, je kuna pahali pa mtoto kuingia? Ile "paukwa" yetu inajibiwa "pakawa", hadithi zetu toka zamani anayesikiliza naye ana zamu yake. Kitabu kizuri cha umri huu kina mstari unaorudi rudi, ama swali, ama kitu kinachojificha mpaka ugeuze ukurasa. Ukisoma ukaona kuna sehemu unaweza kunyamaza na mtoto akamalizia mwenyewe, hicho ni chako.

Picha naziangalia baada ya kusoma, makusudi, sababu picha nzuri zinakudanganya usisikie maneno mabovu. Funika maneno kwa mkono upitie picha peke yake uone kama kisa kinaeleweka. Kisha angalia kama picha inajua kitu ambacho maneno hayakisemi. Mfano maneno yanasema baba anatafuta kofia chumba kizima, na kwenye picha kofia iko chini ya paka. Mtoto wa miaka 3 anakuwa ndo mwenye siri, atasimama mkekani anaonyesha kidole mpaka kidole kimuume. Kama picha inarudia tu kile maneno yamesema hana kazi ya kufanya. Siku hizi pia kuna vitabu vimejazwa picha za kutengenezwa na kompyuta kwa haraka, hesabu vidole vya watu, angalia kama mtoto yule yule ana nguo ile ile ukurasa unaofuata. Watoto wanaona, watakuuliza, na utakosa jibu.

Kuna profesa wa Marekani anaitwa Rudine Sims Bishop, mwaka 1990 aliandika kwamba kitabu ni kioo na pia ni dirisha, mtoto ajione ndani yake na vilevile aone maisha ya wengine. Mimi hilo nalipima hivi, nikiwa na vitabu kumi kikapuni, vingapi ndani yake mtoto wa Mombasa anaweza kusema "huyu ni mimi"? Mama amevaa leso, mtoto anavuka feri ya Likoni, jirani anauza viazi karai, nyumba ni fleti ghorofa ya tatu nguo zimeanikwa kwenye roshani. Vitabu vingi vya "mtoto wa Kiafrika" vinamuweka kwenye kibanda cha nyasi na simba kando, na wangu simba hajamuona, anachojua yeye ni twiga wa Haller Park, bustani ya wanyama hapa Mombasa. Lakini dirisha pia nalitaka. Tulisoma cha theluji nikatoa barafu kwenye friji nikawapa washike mpaka iyeyuke mikononi, wakataka kurudia kitabu mara tatu siku hiyo. Angalia pia nani anafanya nini, kama wasichana wote wanafagia na wavulana wote wanarusha tiara, kitafutie mwenzake wa kukisawazisha. Mazimwi mimi nangoja mtoto afike miaka 5, na sisomi usiku, kila mtu anamjua wake.

Vitabu vya Kiingereza sivikatai, hata vile vya mtumba vya kando ya barabara ambavyo vingi ni vya kadibodi ngumu na bei inashikika. Chenye picha nzuri na maneno machache nakinunua na nakisimulia kwa Kiswahili, naandika Kiswahili changu kwa penseli chini ya maneno yao ili baba yao akisoma naye asome hivo hivo. Mtoto hakubali hadithi ibadilike. Cha mtumba kipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kikaushe kivulini, hakikisha hakuna ukurasa uliochanika ukabaki na ncha.

Na kama pesa hakuna, vya bure viko na ni halali. Kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, na kuna StoryWeaver ya Pratham Books ya India, kote huko kuna vitabu vya picha vya Kiswahili vingi tu, leseni yake inaruhusu kusoma, kuchapa na hata kutafsiri. Vimewekwa kwa viwango kulingana na wingi na ugumu wa maneno. Ubora haulingani kwa hivyo ile sheria ya kusoma kwa sauti inabaki pale pale, soma kabla hujachapisha. Kisha usimpe mtoto simu asome humo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na pia ukweli ni kwamba kwenye simu kitabu kinashindana na katuni, kitashindwa. Nenda saiba wakuchapie kurasa mbili kwa kila upande wa A4, waambie unataka zikunjike kama kitabu, karatasi 4 zinakupa kurasa 16.

Kushona ni rahisi. Kunja karatasi zote pamoja, kwenye mkunjo toboa tundu 3, katikati, juu na chini. Sindano na uzi mnene, anza tundu la katikati ukitokea ndani kwenda nje, panda uingie tundu la juu, ukiwa ndani teremka moja kwa moja mpaka tundu la chini utoke nje, rudi uingie lile la katikati, sasa funga fundo ncha zako mbili ziukumbatie ule uzi mrefu. Ndo hivo hivo nafanya na vile vya pini, natoa pini kabla hazijaota kutu napitisha uzi kwenye tundu zile zile. Maktaba ya umma iko hapa Mombasa, nenda na mtoto akachague mwenyewe, utajifunza anapenda nini bila kununua.

Kitabu kikifika nyumbani usikisome vuu mpaka mwisho. Mtafiti anaitwa Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1988, wazazi wa watoto wa kama miaka 2 walifundishwa kuuliza maswali ya wazi wakisoma, na kupanua jibu la mtoto, na kwa mwezi mmoja tu watoto hao waliwapita wenzao kwenye kuzungumza. Kwa hivyo uliza "anafanya nini huyu?" sio "huyu ni paka?" sababu la pili anajibu ndiyo tu. Akisema "paka lala" wewe sema "ehee, paka amelala juu ya kofia ya baba." Na akitaka kile kile kila siku mpe. Utafiti wa Jessica Horst na wenzake wa Uingereza mwaka 2011 ulionyesha watoto wa miaka 3 wanashika maneno mapya vizuri zaidi hadithi ile ile ikirudiwa kuliko maneno hayo hayo yakija kwenye hadithi tofauti tofauti. Ndo maana nasisitiza mdomo wako, kitabu utakisoma mara mia, kisikuchoshe.

Tafuta na kimoja kisicho na maneno kabisa. Mamangu anasoma Qur'ani vizuri sana lakini herufi hizi za shule hakufundishwa, na vitabu vyangu alikuwa hagusi, anasema "hivyo vyenu". Nikamletea cha picha tupu. Alikifungua kutoka kulia kama msahafu, akaanza kisa kutoka mwisho, samaki anarudi baharini kutoka sokoni, na wajukuu wametulia kimya. Kesho yake mwanangu akamshika mkono akamwambia "bibi, hiki kinaanzia huku", wakakisoma tena upande wa pili, kikawa visa viwili. Tangu hapo Jumamosi bibi ana zamu yake. Na mtoto anayeenda chuoni kusoma Qur'ani jioni na shule asubuhi kweli anahitaji kuonyeshwa kwa kidole maneno yanaelekea wapi, pitisha kidole ukisoma, inatosha.

La mwisho kutunza. Mwezi wa 5 mvua ikikolea kila kitu kinaota ukungu. Visimamishe vitabu, visibanane, rafu iwe mbali na ukuta kama kidole hivi hewa ipite, na jua likitoka vifungue kivulini penye upepo. Kilichochanika usitie selotepu, kwa joto letu gundi yake inayeyuka inashikisha kurasa, tumia gundi nyeupe na kipande cha karatasi nyembamba, mkae na mtoto mkiganga pamoja. Kitabu changu cha kwanza kushona kiko kwa mtoto wa jirani sasa, kimeshapita nyumba tatu, kimebaki kurasa 14 kati ya 16, na zile 2 zilizopotea wakifika hapo wanazisoma kwa ghibu.